Niliyoyasema Angani

"Sema tayari," mwalimu alinipigia kelele sikioni kwa mara ya tatu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa ndege, miguu inaning'inia hewani kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba, na yeye amefungwa mgongoni kwangu kwa mikanda minne. Nikaitikia kwa kichwa.

"Sitaki kichwa, dada. Nataka sauti."

Nilisema. Naapa nilisema. Ila mimi hata nyumbani nikiomba chumvi, watu huendelea kula. Upepo ulilichukua lile neno kabla halijavuka meno. Mwalimu akamgeukia rubani, akachora duara kwa kidole, na ndege ikazunguka tena. Asiyesema tayari kwa mdomo wake haruki. Hurudishwa chini na ndege, kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Na mimi nikirudishwa na ndege, ningerudi kwenye ufagio. Nilikuwa na miaka miwili pale kwenye uwanja wa maparachuti: mmoja wa kufagia, mmoja wa kusimama kando ya meza ndefu nikijifunza kukunja maparachuti kwa Bibi Mkasi. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa hivyo kwa sababu ukikunja vibaya hakugombezi. Huchukua mkasi anaouvaa shingoni, hukata uzi wa kufungia mfuko, na parachuti zima humwagika sakafuni, uanze upya. Mimi alinimwagia mara hamsini na kitu. Kisha siku moja akapita bila kukata.

"Hili utaruka nalo," akasema.

Ndiyo desturi ya meza ile. Mkunjaji hapewi kuwakunjia watu mpaka aruke na parachuti alilolikunja kwa mikono yake. Ukirudi salama, una kazi. Usiporudi, alisema Bibi Mkasi, suala la kazi halikuhusu tena.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikuwahi kujua kitu chochote vizuri kuliko mtu aliyekaa karibu yangu, mpaka nilipoijua ile mikunjo. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyoogopa kufa. Niliogopa kupiga kelele tu.

Mzunguko wa nne, mwalimu akainama tena sikioni. "Dada, nililikagua parachuti lako. Upande wa kushoto umekunja hovyo hovyo, lakini si neno."

"Muongo wewe," nikasema. "Huo wa kushoto nimeukunja mara tatu, na Bibi Mkasi ameupitishia vidole mwenyewe."

Rubani aligeuka kunitazama.

"Kumbe unayo," mwalimu akasema. "Sasa kwa sauti hiyo hiyo."

"Tayari."

Tukaanguka.

Sitasema palikuwa pazuri. Kwa sekunde arobaini mashavu yangu yalipigana makofi yenyewe, na machozi yalikwenda juu badala ya chini. Nilikuwa nikiihesabu mikunjo, wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu kitu kikatuvuta mabegani, na kelele zote zikazima.

Nikatazama juu. Lilikuwa limefunguka lote, jekundu, pembe zake zote mahali pake, kila kamba imenyooka. Nikalitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake aliyesimama dede bila kushikwa.

Na hapo nikaanza kuongea.

Mpaka leo sijui yalitoka wapi. Labda ni kwa kuwa mwalimu alikuwa nyuma yangu na sikuiona sura yake. Labda ni kile kimya, ambacho hakikuwa na mtu wa kukutazama mdomo. Nilimweleza mikunjo yote. Nilimwambia anakula vitunguu vibichi na siyo siri. Nilimwambia chai anayotuuzia shangazi yangu pale jikoni ni maji ya kuoshea vikombe.

"Dada," akasema, "ngoja kidogo."

"Nimengoja miaka ishirini na miwili."

Nikaendelea. Nikamweleza kwamba Bibi Mkasi, kila baada ya chakula cha mchana, hulala juu ya lundo la maparachuti akakoroma, halafu akiamka husema alikuwa anasikiliza kitambaa. Nikamwiga anavyokoroma. Nikamwiga mara mbili, kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri.

Tulitua kwa makalio. Watu walikuwa wamejipanga kandokando ya nyasi, na hakuna aliyepiga makofi. Shangazi alikuwa amesimama mbele na aproni yake, mikono kiunoni.

"Maji ya kuoshea vikombe," akasema. "Mimi niliyekutafutia kazi."

Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba mkishakaribia chini, sauti ya mtu aliye kwenye parachuti husikika kama ya jirani wa chumba cha pili.

"Wamesikia kuanzia wapi?" nikamnong'oneza mwalimu.

"Kwenye chai," akasema. "Vitunguu vyangu vimepona."

Bibi Mkasi alikuwa anakuja. Alikuja polepole, mkasi unayumba kifuani, na mimi akilini nikauona ule ufagio umesimama kwenye kona yake unanisubiri. Akanipita. Akapiga magoti penye parachuti, akaanza kuzipitisha kamba vidoleni, moja baada ya nyingine, zote, bila haraka.

"Lilifunguka sawa?" akamuuliza mwalimu.

"Kama mlango wa nyumbani."

Ndipo akaniinulia macho. "Nakoroma hivyo kweli?"

Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu. "Zaidi," nikasema.

Akasimama, akakung'uta magoti. "Jumatatu uje saa moja kamili," akasema. "Kuna maparachuti kumi na mawili ya kukunja, yote ya wateja."

Halafu akashika upande mmoja wa kile kitambaa chekundu, akanionyesha kwa kidevu nishike wa pili. Tukalikusanya parachuti, upepo ukilijaza kidogo kidogo, na sisi tukiutoa kwa viganja.