Aliyemtoa Kija Majini

Kwa watu wa Mkuyuni, kuogelea ni utoro wa shule. Ukimwambia mama muuza nyanya kwamba binti yake ni bingwa wa kuogelea masafa marefu, ni kama umemwambia kwamba binti yake ni bingwa wa kupanda miembe. Bernadeta alilichukulia hivyo jambo hilo tangu binti yake Kija akiwa darasa la saba, na aliendelea kulichukulia hivyo hata Kija alipovuka miaka thelathini, hana mume, ana kabati lililojaa vikombe vya ushindi.

"Vikombe visivyonywewa chai," mama alikuwa akisema, kisha anarudi kupanga nyanya zake.

Tusimlaumu sana. Vikombe vyenyewe vilikuwa vya mashindano ya ziwa, yale ambayo mgeni rasmi huchelewa na mshindi hupewa godoro. Kija aliyashinda mpaka watu wakachoka kumpigia makofi. Lakini kila alipoomba kuingizwa kwenye mashindano ya nje, aliulizwa swali lile lile: umevuka kutoka wapi hadi wapi, na nani alikuona? Alikuwa amevuka kila mahali. Waliomwona ni wavuvi, na huko nje mvuvi hahesabiwi kuwa shahidi.

Na bega la kulia lilikuwa limeanza kugoma. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba lina safari ndefu moja tu iliyobaki, labda. Baada ya hapo hata kujitwisha ndoo itakuwa kazi.

Basi Obedi, mwalimu wa michezo aliyemfundisha tangu utoto, baada ya kuhangaika miaka mingi, hatimaye akampata mwangalizi anayetambuliwa. Aliitwa Bushra, mwanamke mpole kutoka Dar es Salaam, mwenye kofia pana na saa mbili mkononi. Angekaa kwenye boti siku nzima kutoka kisiwa cha Ukerewe hadi ufukwe wa Kirumba, na neno lake lingetosha kumfungulia Kija mlango wa nje. Alfajiri, Kija akiwa amejipaka mafuta ya mgando mwili mzima, Bushra alilitamka sharti kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Asiguswe na mtu yeyote, wala asijishikize kwenye kitu chochote, mpaka atoke majini kwa miguu yake na kusimama pakavu. Hata akianguka."

"Tumeelewa, madam," alisema Obedi.

Kirumba nako walielewa. Vijana wa mazoezi wa Obedi walifunga kamba ufukweni na kumwambia kila mtu asiivuke. Walimwambia kila mtu isipokuwa Bernadeta, na nani angekumbuka kumwambia? Miaka yote hiyo hakuwahi kuja kumtazama binti yake. Kija mwenyewe alipokwenda kumuaga hakumweleza yote.

"Shikamoo, mama. Naenda Ukerewe. Kesho jioni nitakuwa nimerudi."

"Marahaba. Utarudi na meli?"

Kija alisita. Hakutaka maneno siku ile. "Nitarudi tu, mama."

Ziwa halikumhurumia. Mchana upepo uligeuka, mawimbi yakawa yanampiga usoni, na uji aliokuwa akipewa kwenye kikombe kilichofungwa kwenye ufito mrefu aliutapika wote. Bega lilianza kuwaka moto, halafu likafa ganzi, na hilo la ganzi ndilo lililomtisha. Hakuwa na furaha hata chembe. Mtu akikuambia kwamba bingwa akiwa majini huwa anaimba moyoni, muulize kama amewahi kuogelea kutwa nzima. Kija alikuwa akiwaza jambo moja tu, kwamba akishindwa leo, maisha yake yote yatakuwa yale magodoro.

Harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni ilimfikia kabla ya sauti za watu. Kisha mkono wake ukagusa mchanga. Alisimama, maji yakiwa magotini, miguu ikakataa, akaanguka kifudifudi. Akainuka, akaanguka tena.

"Taratibu, Kija!" Obedi alipiga kelele kutoka kwenye boti. "Inuka mwenyewe!"

Nyuma ya kamba umati ulibaki umesimama kama ulivyoagizwa.

Sasa hebu simama pale aliposimama Bernadeta. Jioni ile mtu alipita sokoni akamwambia mwanawe yuko ziwani tangu asubuhi, anaogelea kuja Kirumba. Aliziacha nyanya bila kuzifunika, akadandia bodaboda. Na alipofika alikuta nini? Mtoto wake anazama kwenye maji ya magoti, na watu wazima wamesimama wamekunja mikono, wengine wanapiga picha.

"Nyie watu mna roho gani!" alisema, akainama, akapita chini ya kamba. Kijana mmoja alimdaka kanga, ikabaki mikononi mwake.

Kija aliona viatu vya mama vikiingia majini. Alitaka kusema asimguse, lakini ulimi ulikuwa umevimba na kilichotoka hakikuwa neno. Kwa hiyo akafanya la pekee alilokuwa na nguvu nalo: alitambaa kurudi nyuma, kuelekea kwenye kina. Bernadeta alipoona hivyo alijua kwamba akili ya mtoto imekwisha kwenda. Akamrukia, akamkamata mkono wa kulia, akavuta.

Kija alipiga ukelele uliosikika mpaka sokoni.

"Nimekushika, mwanangu," mama alisema huku akilia. "Nimekushika."

Kwenye boti Bushra alisimamisha saa zake zote mbili. Baadaye alikuja kupiga magoti mchangani, akasema pole, na ilitoka moyoni.

"Nilikuwa nimefika, madam."

"Najua."

"Ni mama yangu."

"Najua, Kija. Ningekuwa mimi ningefanya kama yeye. Lakini kazi yangu ni kusema nilichokiona."

Bega halikupona. Siku hizi Kija anakaa na mama yake kwenye meza ya nyanya. Obedi alikuja mara moja, akafungua mdomo ili amweleze mama mambo yalivyokuwa, na Kija akamtazama mpaka akaufunga. Hajarudi tena.

Bernadeta amekuwa mtu mwingine. Vikombe amevisugua kwa mchanga, vinang'aa kabatini. Na hakuna mteja anayeondoka bila kusikia.

"Huyu nilimtoa majini mimi, kwa mkono huu. Watu wamejaa, wanatazama tu! Nisingefika siku ile, ningekuwa na mtoto leo? Si ndivyo, Kija?"

"Ndivyo, mama," Kija anajibu, huku akimpangia mteja nyanya kwa mkono wa kushoto.