Jina la Mdemokrati

Tulikuwa tunakula maharage na mkate wa mahindi katika kituo cha zimamoto cha kijiji chetu cha Tolliver Fork, milimani Marekani, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi wa rais, mgeni alipoingia na faili kwapani. Hakuna aliyemtarajia. Alisema ametoka kwa karani wa kaunti, na kwamba kituo chetu cha kura, kilichokuwa hapohapo kwenye zimamoto, huenda kikafungwa.

"Sheria inataka wasimamizi wa vyama vyote viwili. Mrepublikani mnaye. Mdemokrati wenu, mzee Clovis, amefariki. Nisipopata jina leo, mtapigia kura mjini."

Mjini ni kuvuka mlima, saa nzima ya kona. Nilimtazama Bibi Orpha, miaka tisini na moja, mrija wa oksijeni puani. Nilikuwa nimemwahidi kwamba mwaka huu pia atapiga kura hapahapa. Kura ya posta haitaki. Anasema anataka kuiona ikitumbukia sandukuni.

"Mdemokrati tutamtoa wapi?" aliuliza Mjomba Denzil. "Tuagize dukani?"

Watu wakacheka. Mgeni akafungua faili.

"Mwaka sabini na sita, Wademokrati walipata hapa kura mia mbili na kumi na moja. Warepublikani kumi na tisa. Uchaguzi uliopita, Wademokrati walipata kumi na nne tu."

Kicheko kikakatika.

"Kumi na nne," Denzil alirudia, akipitisha macho meza kwa meza. "Kumbe tunakula nao."

Babu yangu alikuwa katika wale mia mbili na kumi na moja. Picha ya rais wao ilining'inia jikoni kwetu mpaka mgodi wa makaa ulipofungwa, watu wakawalaumu Wademokrati. Siku hiyo Denzil aliishusha kwa mkono wake. Karibu kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kuishusha.

Hakuna aliyeinua uso. Mgeni alitazama saa, akaanza kufunga faili.

Mimi ni mmoja wa wale kumi na wanne. Nilikuwa nauza katika duka la Denzil, na kulala katika chumba cha juu ya duka hilo. Nikasimama.

"Andika jina langu: Leatha Combs."

"Kaa chini, binti," Denzil alisema polepole. "Usijiharibie."

"Niliahidi, Mjomba."

"Ulimwahidi nani? Hao wa mjini?"

"Bibi Orpha."

Bibi Orpha akaweka kijiko chini. "Mwanangu, si unajua kura yangu inakwenda kwa mtu wa Denzil? Nilihama chama zamani."

"Najua, Bibi."

Denzil akanyoosha mkono. "Ufunguo wa duka."

Nikauweka kiganjani mwake, kisha nikachukua kalamu ya mgeni. Nikatia sahihi mwenyewe.

Siku ya uchaguzi Bibi Orpha alifika wa kwanza. Denzil ndiye aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Hakunisalimia. Nilimpa bibi karatasi yake ya kura, nikamwonyesha meza iliyokuwa na mwanga wa kutosha.