Kipindi cha Pili Bila Rangi

Mdogo wangu Desderius alifariki Jumanne asubuhi kwa homa ya siku nne, na kabla ya saa sita mchana televisheni ya banda lake la gemu pale Benaco ilikuwa imezimwa. Tangu alipolifungua banda lile, haikuwahi kuzimwa mchana isipokuwa umeme ulipokatika. Rafiki yake Gidioni ndiye aliyeizima. Alikunja nyaya za pedi zote mbili za kuchezea vizuri, kama Desderius alivyopenda, kisha akaja nyumbani kwetu na wenzake kuchimba kaburi.

Watu wengi walisema mambo mengi mazuri siku ile. Mimi nilikuwa nafikiria Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka uliotangulia, siku tuliyocheka mpaka benchi likavunjika.

Desderius hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Nililijua hilo tangu shule ya msingi, aliponiomba nimchagulie penseli ya kuchorea majani. Baba yetu, mzee Bernardo, alikuwa ameambiwa na akakataa kuamini. Sisi tunalima kahawa, na kahawa huchumwa ikiwa nyekundu. Kapu la Desderius lilirudi mbichi na mbivu zimechanganyika, na mbivu nyingine kaziacha mtini. Baba alisema ni uvivu. Msimu uliofuata akasema ni dharau. Mwisho akamkataza kugusa mibuni yake, na kwa misimu miwili Desderius alipita pembeni ya shamba akienda Benaco huku sisi tukichuma.

"Angenifokea ningeelewa, dada," aliniambia siku moja. "Ananipisha njia kama mgeni."

Hakuwa anataka kitu kingine. Alitaka kurudi shambani na baba.

Kwenye gemu ya mpira tatizo lilikuwa lilelile. Akiwa na jezi nyeupe dhidi ya bluu, hakuna aliyemweza. Lakini Gidioni, rafiki yake, dereva wa bodaboda mwenye mdomo usiopumzika, aliligundua jambo hilo, na kuanzia hapo kila fainali ya mashindano ya banda aliomba nyekundu dhidi ya kijani. Zamani nilikaa nyuma ya Desderius nikimnong'oneza, "Wako yuko kulia." Gidioni akanifukuza.

"Dada Anneth, wewe ni mchezaji wa kumi na mbili! Rudi kwenye maandazi yako!"

Jumapili ile ya fainali nilimwomba baba apitie Benaco tukitoka misani. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akauliza kama kuna chai, nikasema ipo. Akaja na kanzu yake ya misa na fimbo, akapewa kiti cha mbele. Banda zima likasema shikamoo, akaitikia marahaba moja ndefu iliyowatosha wote.

Desderius alipomwona, aliishika pedi kama mtu anayefanya mtihani.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha aibu. Yeye alikuwa wa kijani, Gidioni mwekundu, na majani ya uwanja nayo kijani. Alijua mtu mmoja tu, yule mwenye alama juu ya kichwa. Wengine kumi aliwabahatisha. Alimpa pasi mwekundu, akampa tena, na banda likapiga makofi.

"Asante, kaka!" Gidioni alisema. "Una roho nzuri. Niletee na nyingine."

Matatu kwa bila. Baba aliweka kikombe chini.

"Anagawa mpira kama anavyochuma kahawa," akasema. "Haangalii."

Desderius alisikia. Niliona masikio yake yakishuka, sina namna nyingine ya kulieleza.

Wakati wa mapumziko Gidioni alisimama juu ya benchi. "Wazee kwa vijana! Huyu analalamikia rangi. Mimi rangi si kitu kwangu! Mimi nafunga hata zikiondolewa!"

"Umesema?" nikamuuliza.

"Nimesema, dada. Ziondoe."

Televisheni ile ilikuwa ya chogo, ya zamani, na rimoti yake ilikuwa imefungwa raba. Niliichukua kwenye rafu, nikatafuta mahali pa rangi, nikabonyeza mpaka ikafika sifuri. Uwanja ukawa wa kijivu. Wachezaji wote ishirini na wawili wakawa wa kijivu.

Dakika ya kwanza tu, Gidioni alimpa pasi mtu wa Desderius. Goli.

"Subiri! Nilidhani ni wangu!"

"Asante, kaka," Desderius akasema. "Una roho nzuri."

Banda likalipuka. Vijana waliokuwa wakimcheka sasa walibishana wenyewe kwa wenyewe: huyu wetu, si wetu, huyu ni refa! Gidioni alimkimbiza mtu wake mwenyewe nusu ya uwanja akijaribu kumnyang'anya mpira. Hapo ndipo benchi lilipovunjika, maana watu wanane waliinuka na kukaa kwa pamoja.

Baba alikuwa amesogeza kiti hadi karibu agonge kioo.

"Wetu ni wepi?" akauliza. "Anneth, wetu ni wepi? Wote ni sawa!"

Desderius hakugeuka. "Baba, hivyo ndivyo mbuni ulivyo kwangu."

Baba alitazama kioo, akafumba macho, akafumbua, akatazama tena. Desderius alifunga la pili.

"Sasa wewe unawajuaje?" baba akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwa mwendo, baba. Kipindi cha kwanza nilihangaika kutafuta rangi, sasa nimeiacha. Huyu ana mabega ya kuinama. Yule wa pembeni anakimbia kama mzee Telesfori akifukuza mbuzi."

Mzee Telesfori, jirani yetu, alikuwa mlangoni. "Mimi hukimbia hivyo?"

"Hivyo hivyo," baba alisema, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa kanzu.

Mechi iliisha tatu kwa tatu. Gidioni alidai ushindi wake umeibiwa na mtengeneza maandazi, na mpaka leo anadai.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, baba aligonga mlango wa Desderius akiwa na makapu mawili.

"Inuka. Macho yako acha. Minya kwa kidole gumba. Iliyoiva hukubali, mbichi hukataa."

Walichuma safu moja, polepole. Waliporudi nilimwaga makapu yote mawili kwenye mkeka, nikachagua. Kwenye la Desderius nilikuta mbichi nne. Kwenye la baba, kumi na moja.

"Jua lilikuwa halijatoka," baba akasema.

"Hata kwangu lilikuwa halijatoka," Desderius akajibu, na nilicheka peke yangu jikoni kwa muda mrefu.

Walichuma pamoja msimu ule wote. Desderius alifariki mwezi wa pili.

Banda lilikaa wiki sita limefungwa, kisha mimi na Gidioni tukalifungua. Kila Jumapili baada ya misa, mechi ya kwanza huchezwa bila rangi. Rimoti hukaa kwa baba.