Joto la Bwawa la Pampu

Ujumbe wa Bwana Amon uliingia Yusrah akiwa na mguu mmoja botini na mwingine nchi kavu.

"Binti, namba hizi umezipika? Bwawa lina kina cha mita sita, juu nyuzi ishirini na tisa, chini ishirini na tisa, siku kumi mfululizo! Leo kabla ya saa sita nataka vipimo vya kweli. Vinginevyo Jumatatu anaanza mtu mwingine."

Yusrah aliusoma mara mbili. Masikio yakamwaka moto. Yeye apike namba? Siku kumi ameamka alfajiri, na ikifika saa nne amefunga kipimajoto kwenye kamba yenye mafundo sita, fundo moja kila mita, amekishusha hadi chini, amekivuta, amesoma, ameandika. Stashahada yake ya ufugaji samaki bado inanuka wino, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza, tena ya majaribio. Akina mama wa Rudewa walitaka kufuga perege vizimbani, na Bwana Amon, msimamizi wa mradi, alitaka kujua vizimba vitundikwe kina gani. Maji ya chini yakiwa baridi kuliko ya juu, maana yake hayachanganyiki, na samaki wa kule watakosa hewa. Joto likiwa moja, vizimba vitashuka hadi chini. Kwa namba za Yusrah, vilikuwa vinashuka wiki ijayo.

"Shikamoo babu," alimwambia mwenye boti. "Tuondoke upesi, leo nina vita."

"Marahaba." Mzee Ulimboka, mstaafu wa reli, alikuwa anafuta viti vya plastiki. Boti yake, Sina Haraka, ilikuwa na paa la turubai na spika moja kubwa, na Jumapili ilibeba wageni wa Mikumi waliochoka kutazama tembo. "Leo hatuondoki wawili. Nimekodiwa na harusi, bibi harusi anapigwa picha majini. Ukitaka kupima, utapimia humo humo kwenye vigelegele."

Na kweli vigelegele vikateremka kutoka barabarani. Mbele alikuja bibi harusi, Lightness, ameinua shela lake lisiguse matope. Nyuma mpiga picha aliyeshikilia jaketi la kuokolea maisha kama mtoto mchanga. Nyuma kabisa Shangazi Generoza, na kapu la maandazi na chupa ya chai ya maua mekundu, ya zamani, ya kizibo cha gome la mti.

Mzee Ulimboka alipuliza filimbi yake ya reli, maana hajawahi kuondoa chombo chochote bila filimbi, na boti ikaelekea penye kina kirefu cha Bwawa la Pampu, pembeni mwa tuta la shamba la zamani la mkonge. Juu ya tuta kuna njia ya kwenda sokoni.

Yusrah alishusha kamba. Fundo la sita likazama. Akahesabu dakika tatu, akavuta. Kipimajoto kilipotoka tu majini, sauti ikaita kutoka tutani:

"Nyie wa botini! Hamjambo?"

Bibi mmoja na tenga la nyanya kichwani. Yusrah akakiweka kipimajoto juu ya kiti, akasimama wima.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, bibi. Za nyumbani?"

"Nzuri. Mama yako mguu umepona?"

"Umepona, anakusalimia."

"Da Yusrah," Lightness aliita, shela lote amelikusanya mapajani, "huu mstari mwekundu unatembea. Ulikuwa hapa, sasa uko hapa."

Yusrah akageuka. Mstari ulikuwa unapanda mbele ya macho yake, taratibu, kwenye jua la saa nne. Ukafika ishirini na tisa, ukatulia.

Akakiinua kipimajoto. Siku kumi! Siku kumi kamba imetoka majini, siku kumi mtu amepita tutani, siku kumi yeye, aliyelelewa akaleleka, amesalimia mpaka mwisho ndipo akasoma.

"Rudia," Mzee Ulimboka alisema. "Safari hii usiitikie."

Akarudia. Akavuta mbio mbio, mikono ikimchoma. Sauti ya mzee mpita njia ikatoka tutani. Yusrah akakaza macho kwenye kioo, mdomo kimya.

"Binti wa nani huyo asiye na salamu?"

"Yesu wangu!" Shangazi Generoza alishika kifua. "Umelelewa wapi wewe? Mtupie hata shikamoo moja!"

"Shikamoo babu!" Yusrah alipaza sauti, karibu alie. Na kioo kilisema ishirini na saba. Kilipanda hata njiani, kikipita kwenye maji ya juu. Ile nayo haikuwa namba ya kumpelekea mtu.

Shangazi Generoza alimhurumia, akammiminia chai. Tangawizi ikapanda puani. Ilikuwa ya moto kweli kweli.

"Shangazi, chai hii umeipika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Chupa hii nilizawadiwa siku ya harusi yangu, haijawahi kuniangusha."

Yusrah aliitazama chupa. Akaitazama kamba. Shangazi akamtazama yeye, akaikumbatia chupa.

"Hapana. Hapana! Hata usianze."

"Shangazi, mpe," Lightness alisema. "Zawadi yangu ya harusi iwe hiyo."

Chai ikanyweka yote, hata mpiga picha akapewa vikombe viwili. Shangazi akasimamia kuisuuza, akaamuru chupa ipoe kwanza, kioo kisije kupasuka. Mzee Ulimboka akafunga chini yake kipande cha reli alichotumia kama nanga. Kamba ya pili ikafungwa kwenye kizibo. Chupa ikazama ikiwa imezibwa. Fundo la sita. Yusrah akavuta ile kamba ya kizibo, mapovu yakapanda. Shangazi alikuwa amefumba macho.

Chupa ilipochomoza, sauti ikaita tutani.

Botini macho yote yakahamia kwenye chupa. Yusrah akakibana kizibo mahali pake, akasimama, akatabasamu.

"Shikamoo mama! Habari za Kisanga? Na yule mbuzi aliyepotea?"

Akauliza watoto, akauliza mahindi, akaitikia kila kitu. Kisha akakaa, akafungua, akazamisha kipimajoto.

Ishirini na tatu. Juu, ishirini na tisa.

Akampigia Bwana Amon hapo hapo. "Shikamoo bosi. Sikupika. Ila nilikosea, zile siku zote kumi, zifute." Akaeleza kila kitu, hakuficha hata bibi wa nyanya.

Kicheko kikalipuka kwenye simu.

"Kumbe siku kumi umetupimia salamu! Vizimba visivuke mita mbili kwa sasa, nawapigia akina mama sasa hivi. Na Jumatatu nenda tena upime. Wewe, si mwingine."

Vigelegele vikapigwa, filimbi ikapulizwa. Shangazi Generoza peke yake hakushangilia. Alikuwa ananusa chupa yake.

"Jumatatu," alisema, "njoo na ya kwako."