Pete Saba za Sonara

Jumapili ile nilikuwa na mambo mawili tu kichwani: pete saba na Jumamosi. Pete zilikuwa za gemu. Jumamosi ilikuwa ya kweli, maana mchumba wangu Magid na watu wake wangetoka Jinja kuja Mbale kujitambulisha kwa baba yangu, na mahema yalikuwa yameshaagizwa.

Magid nilikutana naye ndani ya gemu hiyohiyo. Msicheke. Wengine hukutana harusini, wengine kanisani; sisi tulikutana katika mji wa kuchorwa uliobomoka, mimi nimejibanza nyuma ya tangi la maji, yeye ana bunduki na nafasi nzuri ya kunipiga, akaacha. Mimi ni Mgisu, yeye ni Msoga, kwa hiyo tukaongea Kiswahili. Changu nilikiokota kwa madereva wa Kenya wanaokuja dukani kwangu Malukhu kuchapisha karatasi zao za mpakani. Chake ni cha madrasa na mtaani.

Tatizo letu lilikuwa moja, bibi yake, Jaja Nangobi. Mume wa Jaja alichukuliwa na wanajeshi waliokuwa wakiamrisha kwa Kiswahili, miaka ile ya utawala wa jeshi, akiwa dukani kwake Jinja, mchana, watu wakiona, na hakurudi. Mpaka leo Kiswahili kikianza redioni Jaja anaizima. Aliposikia kwamba baba yangu alikuwa jeshini miaka hiyohiyo, alisema hakanyagi kwetu mpaka ajue alikuwa na kazi gani huko. Nikamwambia Baba bibi anataka kujua nini, nikamuuliza. Akanijibu jibu lilelile alilokuwa akinipa tangu nikiwa mtoto: "Nilikuwa mpishi." Magid akamfikishia bibi jibu hilo, akaliapia, naye akakubali kuja.

Basi ndoa yangu yote ilikaa juu ya neno hilo moja. Na mimi nililiamini, kwa sababu Baba anapika maharagwe vizuri kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu, tena kwa masufuria makubwa, kana kwamba kuna watu hamsini wanasubiri nje.

Gemu yenyewe iko hivi. Unaingia mjini na begi tupu, unaokota unachokipata, kisha unakimbilia mlango wa kutokea kabla muda haujaisha. Ukifa humo ndani, kila kitu chako kinabaki kwa aliyekuua. Kuna sonara mmoja, mzee wa kuchorwa tu, anayekupa kazi: mletee pete saba kutoka mikononi mwa wafu, zote saba katika begi moja. Kazi hiyo ilikuwa imetushinda wiki tatu, na ilikuwa ifungwe Jumapili hiyo jioni. Sipendi kuacha kitu nusu. Magid anasema huo ni ugonjwa.

Duka lilikuwa limefungwa. Hedifoni zangu zilikufa sikio la kwanza Ijumaa na la pili Jumamosi, nikachomeka spika na maiki ya mezani, ile ninayoitumia wateja wakitaka kuongea na watu wao walio mbali. Kidoleni nilikuwa na pete ya ndoa ya marehemu mama, ambayo ningeivaa mbele ya wageni. Ni kubwa. Mama aliizungushia uzi mweusi ili isimdondoke, na mimi uzi wake niliuacha vilevile.

Saa tisa alasiri Baba aliingia na bakuli la maharagwe, kama kila Jumapili. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akakunja mikono juu ya fimbo. Kwa kawaida husinzia. Siku hiyo Magid alisema kwenye spika, "Khainza, kuna maiti mbili nyuma ya kiwanda, kuja haraka," na Baba akafungua macho.

"Hiyo mashini inaongea Kiswahili?" akaniuliza kwa lugha yetu.

Niliitikia kwa kichwa tu, maana mtu alikuwa ananimiminia risasi kutoka ghorofani. Baba na Magid hawakuwa wamewahi kuongea hata kwenye simu; kwa heshima ya mila zetu, wangesalimiana Jumamosi. Nilitaka kumweleza, nikasema nitamweleza baadaye.

Nikajiandaa kukimbia.

"Hapana kimbia," Baba akasema, na hakusema kwa lugha yetu. "Lala chini. Huyo anangoja wewe toka mulangoni. Ngoja yeye achoke."

Nikalala chini. Yule mtu akachoka, akatoka, nikampata. Magid akacheka kwenye spika kwa furaha, na mimi nasema ukweli, nilijisikia vizuri. Nyumbani kwetu Kiswahili hakijawahi kuongewa, na sasa mzee wangu amekaa pembeni yangu ananielekeza, macho yanang'aa, sauti imekuwa ya kijana. Nilijiambia kumbe hata wapishi hufundishwa vita.

Nikaifikia maiti ya kwanza ya zile mbili, begini nikiwa tayari na pete tatu. Kwenye gemu unabonyeza kitufe kimoja, unakishikilia kidogo, pete inaingia begini yenyewe. Hakuna zaidi. Lakini Baba alikuwa amesogeza kiti mpaka goti lake likagusa langu.

"Hapana vuta," akasema. "Zungusha. Kidole ikivimba, tia sabuni. Sabuni hakuna, tumia mate."

Nikabaki nimeshikilia kitufe. Kwenye gemu hakuna sabuni, wala hakuna kidole kinachovimba.

"Mukono ya kushoto kwanza," akaendelea. "Wenye duka, angaria mudomo, wanaficha huko. Ile ya Waislamu iko kidole kidogo, ya fedha tu. Hiyo wacha. Haina kazi."

Hakuwa anazungumza nami. Alikuwa anaitazama skrini, na mkono wake wa kulia, juu ya goti, ulikuwa unazungusha kitu kisichokuwepo, kidole gumba na cha shahada, polepole, kwa ustadi. Nilikuwa nimemwona mara mamia akichambua maharagwe kwa mkono huo.

Kitufe cha kuzima maiki kilikuwa chini ya kidole changu. Sikukibonyeza. Mpaka leo najiuliza kwa nini, na jibu ninalolipata si zuri: sikutaka kuwa peke yangu niliyesikia.

Magid alikuwa ameacha kutembea. Yule mtu wake wa kuchorwa alisimama katikati ya barabara, pahali ambapo hata mtoto angempiga.

"Mzee," sauti yake ikasema kwenye spika, kwa adabu. "Hizo pete mlipeleka wapi?"

Baba akacheka, akanigusa bega. "Mashini inauliza!" Kisha akaijibu, kwa sauti ya juu. "Ya maana alichukua afande. Ingine ilienda sokoni. Mimi nilibaki na moja tu. Ya harusi."

Kidole gumba changu kilikuwa kimeshaugusa ule uzi mweusi kabla sijafikiri lolote. Mama alikuwa akisema sonara alikosea kipimo.

"Khainza," Magid akaita. "Uko na ngapi?"

"Nne."

Akaja mpaka niliposimama, akafungua begi lake na kuziweka pete zake tatu chini, miguuni pangu. "Chukua. Mlango uko wazi. Toka."

"Na wewe?"

"Toka tu."

Ningebaki naye. Ilikuwa gemu, ningepoteza nini? Lakini vidole vyangu vilishazoea, vikaziokota zile tatu, na miguu yangu ya kuchorwa ikakimbia mpaka mlangoni. Nyuma yangu nilisikia risasi. Hakurudisha hata moja. Skrini ikawa nyeupe, ikaandika kwamba kazi imekamilika, pete saba kati ya saba, na yule sonara akainama kunishukuru. Baba akapiga makofi.

Nilimchukia kwa makofi yale. Nilimchukia na papo hapo nikaona kola ya shati lake imegeuka, nikatamani kuirekebisha.

"Baba," nikasema kwa lugha yetu, "huyo si mashine. Ni mtu, yuko Jinja."

"Mtu gani?"

"Magid."

Makofi yakakoma. Alitazama spika, kisha bakuli, kisha mkono wake mwenyewe juu ya goti, akauingiza mfukoni.

"Wa Jumamosi?"

"Wa Jumamosi."

Kwenye pembe ya skrini jina la Magid lilikuwa bado na taa ya kijani. Hakuwa ameondoka. Kwa mbali tulimsikia anahema, na nyuma yake mwanamke mzee akiita kitu kwa Kisoga, labda amemwandalia chai.

Baba akasimama. Akafunga vifungo vya koti, akaiacha fimbo, akaiinamia ile maiki mpaka midomo ikakaribia kuigusa.

"Kijana," akasema. "Mimi nilikuwa mupishi. Mwambie bibi. Nilikuwa napika maharagwe."

Akangoja. Taa ya kijani ikazimika.

"Amesikia?" akaniuliza, bado ameinama.

Nilikuwa nimeshapata ncha ya uzi wa mama na nimeanza kuufungua.

"Amesikia, Baba," nikamwambia. "Amesikia yote."