Barua Aliyoifuta Nusaiba

Nusaiba aliifuta barua kwa mkono wake, na hata kwenye kapu la taka la kompyuta akaifuta, akajiona mjanja wa mtaa mzima wa Kipawa. Kumbe njia ya mwongo ni fupi.

Barua ilitoka kwa baba yake, Muhdhar, aliyekuwa kibarua kwenye kambi ya mafuta huko Omani, mahali ambapo simu hazifiki lakini barua pepe zinafika. Ndoa ya Nusaiba ilikuwa leo baada ya Alasiri, na baba asipompa mtu uwakala wa kuozesha, shehe hafungi ndoa. "Mimi Muhdhar nampa ndugu yangu Sadallah uwakala..." Nusaiba hakusoma zaidi ya hapo. Mwanamume aliyechaguliwa amwoe, Nusaiba alimchukia, na ubavu wa kulisema hilo mbele za watu hakuwa nao.

Sasa ami yake Sadallah, mwenye ofisi ya kompyuta alimofanya kazi Nusaiba, alikuwa amemleta fundi Jabiri kutoka Mwenge. Shehe alikaa kwenye kiti cha wateja, anatazama saa.

"Haipo, ami. Labda baba hajaandika."

"Kaka yangu hajawahi kunivunjia ahadi. Fundi, hebu tazama."

"Sista, kwenye skrini utaona kila barua iko kivyake," Jabiri akasema bila kugeuka. "Ndani ya diski zote zimo kwenye faili moja refu, zimefuatana kama shanga kwenye uzi. Ukifuta moja, programu inaitia alama tu isionekane. Maneno yenyewe yapo, mpaka ulibane faili, yaani uiamuru programu iyaondoe yote yaliyofutwa."

Kubana faili! Amri hiyo Nusaiba aliiona kila siku kwenye menyu akaipita. "Niachie nijaribu mie," akasema, akaivamia mausi.

"Usiguse! Ukibana sasa hivi imepotea kweli," Jabiri akasema.

Sadallah akamshika kiganja. Akakiondoa kwenye mausi, akamtazama usoni, na Nusaiba akaogopa.

Jabiri akaifunga programu, akalifungua faili lenyewe kama maandishi matupu. Skrini ikajaa barua za mtaa mzima, hii inaanza pale ile inapoishia. Akalitafuta jina la Muhdhar. Ile mashine kongwe ikakoroma, ikakoroma tena.

"Hii hapa."

Sadallah akasoma kwa sauti. "...uwakala wa kumwozesha binti yangu Nusaiba. Lakini kwanza mumuulize mwenyewe, mbele ya shehe. Akikataa, uwakala huu haupo, na asilaumiwe."

Nusaiba alitamani ardhi ipasuke. Baba alimfungulia mlango tangu jana, naye akaubamiza bila hata kuchungulia.

"Haya, mwanangu," shehe akasema kwa upole. "Umeridhia?"

Akainamisha kichwa, machozi yakamtoka, sauti haikutoka. Shehe akatabasamu na kuanza kuinuka, maana mwanamwali akinyamaza amekubali, ndivyo ijulikanavyo tangu enzi za mabibi.

"Alhamdulillahi," Sadallah akasema. "Kanyamaza."

"Sijanyamaza, ami!" Nusaiba akasema. "Mie simtaki. Na barua niliifuta mie."