Sita Nukta Moja

Nyumba yetu ilikuwa na sindano mbili. Moja ya mke wangu, fundi cherehani, ya kushonea nguo za watu. Ya pili yangu, ya kujichoma tumboni kabla ya kula. Nilizoea kumwambia, "Wewe unatoboa nguo, mimi najitoboa mwenyewe. Kati yetu fundi nani?" Naye alikuwa akijibu bila kuinua macho, "Fundi ni yule asiyepiga kelele kazini."

Mimi ni kinyozi. Kelele ndiyo nusu ya kazi yangu. Mteja akishakaa kwenye kiti na kufungwa kitambaa shingoni, mikono yake iko chini ya kitambaa na wembe uko karibu na sikio lake. Hana pa kukimbilia. Nitamtania mpaka nimalize kisogo.

Kisukari kilinikuta nina miaka ishirini na sita. Kiliniangusha mbele ya kioo changu mwenyewe, mashine ya kunyolea ikiwa bado inanguruma mkononi. Aliyekaa nami hospitali muda mrefu kuliko ndugu zangu wote alikuwa ni yule mteja, kwa sababu nilikuwa nimemnyoa upande mmoja tu na hakutaka kupita barabarani hivyo. Mpaka leo nikimwona namuuliza, "Upande wa pili umeota?"

Daktari aliniambia nifanye mazoezi kidogo. Kidogo mimi sikijui. Nikanunua baiskeli iliyotumika, mke wangu naye akatafuta ya kwake, tukajiunga na klabu ya mtaani inayoongozwa na mwalimu mstaafu ambaye kila mtu humwita Kepteni. Mara moja kwa mwaka klabu huendesha Mia Mbili: kilomita mia mbili kwa siku moja, kwenda mji wa pili. Nikasema hiyo ndiyo yangu.

Lakini baiskeli na insulini ni wageni wawili wanaokula sahani moja. Misuli ikifanya kazi inakula sukari. Insulini niliyojichoma asubuhi nayo inaila. Ukiwaachia wote wawili, sahani inabaki nyeupe na wewe unabaki chini. Kwa hiyo tulikuwa na sheria tulizopanga na daktari. Siku ya safari ndefu napunguza dozi ya asubuhi. Siondoki mpaka kipimo kisome saba au zaidi. Nusu ndizi kila nusu saa, na kila saa nasimama, natoboa kidole, napima. Ikishuka chini ya nne, hakuna mjadala: shuka, kula sukari, kaa dakika kumi na tano, pima tena.

Mke wangu alinishonea fulana yenye mifuko mitatu mgongoni. Wa kushoto wa ndizi, wa kulia wa kipimo, na wa katikati wa asali na vidonge vya sukari. Mdomo wa huo wa katikati aliuzungushia uzi mwekundu mnene, mara tatu. "Sukari ikishuka macho yako hayaoni vizuri," alisema. "Lakini vidole vitaujua uzi wangu."

Na alikuwa na kipimo kingine ambacho hakikuhitaji damu. Aligundua mapema kwamba sukari yangu ikianza kushuka, cha kwanza kuondoka si nguvu. Ni utani. Kwa hiyo yeye alitangulia mbele, mimi nyuma, nikimpigia domo njia nzima: vile alivyokaa kwenye kiti kama anapeleka maji harusini, vile anavyokoroma kwa heshima. Nikikaa kimya kilomita moja, mkono wake wa kushoto unapanda juu.

"Mbona kimya? Shuka."

Napima, nakuta nne na kidogo, au tatu nukta tisa. Hakukosea. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi kisogo changu alikuwa akikiona yeye.

Alinipa sharti moja tu. Baba yake naye alikuwa na kisukari, na alikuwa mtu wa kuficha. Asubuhi moja, yeye akiwa msichana wa shule, alimkuta baba amekaa kwenye kiti cha sebuleni, jasho linamtoka. Akamuuliza. Baba akasema, "Niko sawa. Nenda shule, mwanangu." Akaenda. Aliporudi, kiti kilikuwa kimezungukwa na majirani.

"Nitaendesha na wewe hizo mia mbili," aliniambia. "Hata mia tatu. Ila nikikuuliza ngapi, niambie ngapi. Usinipe niko sawa."

Nikamwahidi. Nilikuwa nimeshika mkono wake wakati naahidi, na nilimaanisha.

*

Kepteni hakuwapa namba ya Mia Mbili wasiojiweza. Ilibidi kwanza umalize mia na arobaini kwa saa nane. Mara ya kwanza sukari ilinishusha mara tatu, na kila kushuka kulinila dakika ishirini. Nikafika nimechelewa dakika kumi na mbili. Kepteni aliangalia saa yake, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Mwakani, kinyozi." Halafu akaona uso wangu. "Au Jumamosi ijayo. Mara ya mwisho."

Wiki hiyo nilinyoa vichwa nikiwa sipo. Nilikuwa napiga hesabu. Nikiweza kuruka kusimama mara moja tu, nimeipata. Kinachonisimamisha si kipimo, ni masikio ya mke wangu. Na masikio yanataka utani.

Ijumaa nikachukua kipande cha plasta nyeupe, nikaandika kwa kalamu: kipara, mbuzi, harusi, daktari, mama mkwe. Vichekesho vitano, kila kimoja neno moja. Nikaibandika katikati ya usukani, pale ambapo yeye aliye mbele hawezi kuona. Nikajicheka. Niliona nimefanya jambo la akili.

Jumamosi tukatoka kumepambazuka. Kilomita mia za kwanza zilikwenda kama mafuta. Kwenye bomba la maji tukasimama. Yeye akawa anajaza chupa, mimi natoboa kidole. Tatu nukta tisa.

"Ngapi?" akauliza, amenipa mgongo.

"Sita nukta moja."

"Safi," akasema, akafunga chupa.

Nilikula ndizi nzima tukiwa tunaondoka. Nikajiambia itapanda yenyewe. Haikupanda. Kilomita tano mbele barabara ikaanza kuwa laini, kama naendesha juu ya godoro. Nikaangalia plasta.

"Juzi amekuja mzee mwenye kipara," nikasema. "Ananiambia, nipunguze kidogo. Nikamwambia, mzee wangu, hapa sipunguzi, hapa napangusa."

Akacheka. Kicheko chake huanzia puani, kama mtu anayezuia chafya. Nikasema cha harusi. Akacheka tena. Nikasema cha kipara.

"Hicho umeshasema."

"Kizuri kinarudiwa."

Akageuza shingo kidogo, akaendelea. Ninachokumbuka baada ya hapo ni vipande. Mikono yangu ikiwa mbali. Herufi za plasta zikiogelea.

"Mbuzi," nikasema.

"Mbuzi kafanyaje?"

"Mbuzi. Kipara. Harusi."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kilomita ya mia na kumi na tisa.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu kwenye majani, ufizi umejaa asali, na kidole chake kiko ndani ya shavu langu kikisugua. "Meza, mume wangu. Meza." Mfuko wa katikati ulikuwa umechanika upande mmoja, aliuvuta kwa haraka kuliko uzi wake ulivyoweza kuvumilia. Nilipoweza kukaa alinipa vidonge, akahesabu dakika kumi na tano kwenye simu, akanipima mwenyewe. Nne nukta nane. Mikono yake ilikuwa imetulia muda wote huo.

Akaenda kuinua baiskeli yangu. Nikamwona ameinama kwenye usukani. Alisoma ile plasta polepole, kama anavyosoma vipimo vya mteja, kiuno, kifua, bega. Akaibandua. Halafu akarudi, akachukua kipimo, akabonyeza kitufe cha nyuma. Kipimo kina kumbukumbu. Mimi nilikijua miaka tisa, na siku hiyo nilikuwa nimesahau kwamba kina kumbukumbu.

"Saa nne na dakika arobaini," akasema. "Tatu nukta tisa."

Neno pekee lililokuja kichwani lilikuwa mama mkwe.

"Baba alinidanganya kwa maneno mawili," akasema. "Wewe umeniandikia orodha."

Kepteni alikuja kutuchukua na gari lake. Aliposikia mambo yalivyokuwa, aliegesha pembeni, mikono bado kwenye usukani. "Kinyozi," akasema, "ungeniambia tu. Dakika zako za kukaa chini nisingezihesabu."

Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma. Alisikia.

*

Hakufanya ugomvi. Ningeshukuru kama angefanya. Ugomvi una mwisho, mtu anachoka. Alipika, alishona, aliniuliza ngapi, nami nilimwambia ukweli kila mara, tena nilimwonyesha. Lakini nikimtania haanzi kucheka. Ananitazama kwanza machoni, halafu mikononi, kama anatafuta karatasi. Kicheko kikija kimechelewa, nacho si kile cha puani.

Jioni moja nikamwambia, "Sasa mke wangu, utani wangu umekuwa dawa kali kiasi hicho, mpaka uangalie tarehe ya kuisha?"

Akasimamisha cherehani. "Zamani ukinyamaza niliogopa," akasema. "Ukitania nilipumzika. Sasa ukinyamaza naogopa, na ukitania naogopa. Hujaniachia pa kupumzikia."

"Nitabadilika."

"Umeshabadilika. Naona. Mimi ndiye siwezi kurudi." Akakunja nguo iliyokuwa mbele yake, akaiweka pembeni. "Nilikaa shuleni siku nzima nikijua baba yuko sawa. Siwezi kukaa hivyo tena."

Alihamia kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Dada mtu alikuja na mkokoteni kuchukua cherehani. Nilisaidia kubeba, ningefanya nini, nikatae, au niombe nipewe upande mwepesi? Sebuleni yalibaki mabonyeo manne kwenye zulia, pale miguu ya cherehani ilipokaa miaka saba. Na juu ya kitanda ilibaki fulana yangu ya baiskeli, imefuliwa. Mfuko wa katikati alikuwa ameushona upya. Uzi mwekundu, safari hii mara tano.

*

Mwaka uliofuata nilimaliza mia na arobaini nikiwa nimekaa chini mara nne, mbele ya macho ya kila mtu. Kepteni akanipa namba.

Siku ya Mia Mbili niliendesha peke yangu nyuma ya kundi. Sikuwa na mtu wa kumpigia domo, basi nikazungumza na vibao vya barabarani, na ng'ombe. Kilomita ya mia na thelathini na moja nikagundua kwamba sijasema kitu muda mrefu. Nikashuka kabla ya kujishauri. Tatu nukta nane. Vidole vikaenda mgongoni, vikakuta uzi.

Nikakaa kwenye ukingo wa kituo cha mafuta, nikala asali. Halafu nikafanya jambo ambalo sikupanga. Nikampigia.

Tulikuwa hatujaongea miezi miwili. Alipokea kwenye mlio wa kwanza. Hakusema haloo.

"Ngapi?"

Kumbe alikuwa anaijua tarehe.

"Tatu nukta nane."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Kaa kumi na tano."

Hakukata. Nikasikia cherehani ikianza, ikisimama, ikianza tena. Anapindua kona ya kitu fulani, nguo ya mtoto labda, maana mishono ilikuwa mifupi. Nilikaa nikiisikiliza. Dakika ya kumi hivi, kichwa kikaanza kurudi kwa mwenyewe, na utani ukaja wenyewe, bila karatasi.

"Kuna mlinzi hapa ameniuliza nimetoka wapi," nikasema. "Nimemtajia. Ameniangalia kwa huruma, akasema, kwani mabasi yamegoma?"

Cherehani ikasimama. Nikasubiri ile pumzi ya puani. Nilibana simu kwenye sikio mpaka sikio likauma.

Cherehani ikaendelea.

Muda ulipotimia akasema, "Pima."

Nikatoboa kidole. Nikaiangalia namba, nikakifuta kioo kwa ukingo wa fulana, nikaiangalia tena.

"Ngapi?" akauliza.

"Sita nukta moja."

Mtu alikuwa anajaza mafuta nyuma yangu, pampu ikihesabu.

"Hiyo namba nimeshawahi kuisikia," akasema.

"Najua."

"Ningependa kukuamini," akasema. "Tuma picha."

Simu ikakatika. Nikaweka kipimo juu ya goti, nikapiga picha, nikatuma. Simu ikaonyesha ameiona. Hakujibu.

Kilomita sitini na tisa zilizobaki nilisimama mara tatu, na mara zote tatu nilituma picha, na zote zilionekana. Nilipovuka mstari Kepteni alinishika bega, watu wakapiga makofi kidogo, maana nilikuwa wa mwisho na walishaanza kukunja meza. Nikatoa simu. Nikaandika, "Nimefika." Nikaliangalia hilo neno, nikalifuta. Lilikuwa neno tu.

Nikaegesha baiskeli, gurudumu la mbele likiwa upande wa pili wa mstari wa chokaa, nikasogea nyuma hatua mbili ili mstari uonekane wote, nikapiga picha.